Bwawa Dogo la Udongo: Daraja A, B na C Zina Maana Gani kwa Anayeishi Chini Yake?

ELIMU KWA UMMA

Isiolo ni kaunti kavu inayojua mafuriko. Mvua yetu ya mwaka ni kidogo, lakini ikija huja kwa kishindo, na mara nyingi maji yanayotufikia hayakunyesha kwetu. Mto Isiolo huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ewaso Ng'iro hukusanya maji ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita Archer's Post na Merti kuelekea kinamasi cha Lorian. Laga iliyokuwa mchanga mtupu mchana inaweza kuwa mto wa kubeba ng'ombe kabla ya magharibi.

Ndiyo maana tuta la udongo lililokingwa kwenye laga ni mali kubwa. Hupunguza kasi ya mafuriko na huacha maji ya mifugo. Lakini tuta hilohilo likikatika, huachilia kwa dakika chache maji yaliyokusanywa kwa siku nyingi. Makala haya yanaeleza namna bwawa la aina hiyo linavyofanya kazi, jinsi usalama wake unavyopimwa, na mambo ambayo mkazi wa kawaida anaweza kuyaona kwa macho yake kabla ya mvua za Ganna au Hagaya kuanza.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ni hili: daraja la bwawa halikuambii kama bwawa ni zima. Hilo hujulikana kwa kulitazama, na anayelitazama kila siku ni wewe unayenywesha mifugo hapo.

BWAWA LA KUZUIA MAFURIKO HUFANYAJE KAZI?

Bwawa dogo la udongo lina sehemu nne za msingi. Ya kwanza ni tuta lenyewe, lililoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na katikati yake mara nyingi huwekwa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi. Ya pili ni kilele, yaani sehemu ya juu ya tuta. Ya tatu ni njia ya kutolea maji ya ziada, ambayo huwekwa kando ya tuta, chini ya usawa wa kilele, ili bwawa likijaa maji yapite hapo na yasipande juu ya tuta. Ya nne, kwa mabwawa yaliyo nayo, ni bomba la kutolea maji lililo chini na linalofunguliwa kwa vali.

Umbali wa wima kati ya sakafu ya njia ya maji ya ziada na kilele cha tuta ndio akiba ya usalama. Mafuriko makubwa yakija, maji hupanda ndani ya akiba hiyo huku mengine yakitoka kandoni. Akiba ikipungua, kwa mfano kilele kikikanyagwa hadi kikashuka, bwawa limepoteza kinga yake hata kama halijapata ufa hata mmoja.

Hapa pana mvutano ambao wafugaji wanaujua. Bwawa la kuzuia mafuriko hufanya kazi likiwa tupu au nusu, kwa sababu nafasi iliyo wazi ndiyo inayopokea mafuriko. Bwawa la kunywesha mifugo tunalitaka lijae. Mabwawa yetu mengi hutarajiwa kufanya kazi zote mbili. Bwawa likiwa limejaa hadi ukingo wakati mvua kubwa ya pili inapofika, halina tena mahali pa kuyaweka maji mapya, na yote hupita kuelekea chini. Tope nalo hula nafasi hiyo mwaka baada ya mwaka. Bwawa lililojaa tope huonekana lina maji mengi kwa juu, lakini kina chake kimekwisha.

MASWALI MAWILI YASIYOCHANGANYWA

Watu wengi wakisikia kwamba bwawa ni la "hatari ndogo" hudhani maana yake ni kwamba halitavunjika. Sivyo. Usalama wa bwawa hupimwa kwa maswali mawili tofauti.

Swali la kwanza: likivunjika, litamdhuru nani na kuharibu nini? Swali la pili: je, liko katika hali gani leo?

Nchini Marekani, ambako orodha ya taifa ina mabwawa zaidi ya 90,000, kila swali lina alama zake. Kwa swali la kwanza, bwawa hupewa kiwango cha hatari cha juu, cha kati au cha chini. Likiwa linatarajiwa kuua hata mtu mmoja likivunjika, ni la hatari ya juu, hata kama limejengwa vizuri kabisa. Kwa swali la pili hupewa alama ya hali: ya kuridhisha, ya wastani, mbaya au isiyokubalika. Bwawa la kuogopwa kuliko yote ni lile lenye hatari ya juu na hali mbaya kwa pamoja.

Kenya nayo ina madaraja yake. Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika daraja A, B na C, yaani hatari ndogo, ya kati na kubwa, kwa kutazama ukubwa wake. Bwawa lenye kina cha maji kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 liliingia daraja A. Kuanzia hapo hadi karibu mita 15 za kina, au mita za ujazo 1,000,000, ni daraja B. Zaidi ya hapo ni C. Ukubwa wa eneo linalokusanya maji nao ulihesabiwa.

Silanga na mabwawa mengi madogo ya aina inayojengwa kwenye laga zetu huangukia daraja A. Ni mgawanyo wa maana, kwa sababu huwaongoza wahandisi kujua bwawa liundwe kwa mafuriko ya kiasi gani. Lakini angalia usichoambiwa na herufi hiyo. Haikuambii kama kuna manyatta mita 300 chini ya tuta, wala kama mchwa wamelitoboa.

Tufanye hesabu. Chukua bwawa la daraja A lenye mita za ujazo 50,000. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, kwa hiyo nyuma ya tuta zimesimama tani 50,000, sawa na malori 5,000 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Tuseme likakatika na kumwaga yote kwa nusu saa. Huo ni wastani wa tani 28 kila sekunde, zikishuka kwenye laga nyembamba. Kumbuka kwamba maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huweza kulisomba gari. "Hatari ndogo" hapo ni maneno ya kulinganisha bwawa na bwawa. Mama aliyelala na watoto chini ya tuta ana hatari yake mwenyewe.

Kiwango cha hatari pia hubadilika bila bwawa kuguswa. Tuta lililojengwa porini miaka 30 iliyopita leo linaweza kuwa juu ya shule, soko au mtaa mpya. Udongo ni uleule, maji ni yaleyale, lakini jibu la swali la kwanza limegeuka.

SOLAI, 2018

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilivunjika baada ya mvua kubwa za masika. Zaidi ya watu 40 walifariki, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Nyumba zilifagiliwa hadi msingi. Halikuwa bwawa kubwa la umeme lenye jina katika vitabu vya shule. Lilikuwa bwawa la shamba.

Baada ya mkasa huo, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilieleza kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Wahandisi walikagua mabwawa mengine ya eneo hilo na kuanza kupunguza maji. Somo kwetu ni kwamba bwawa lisilo kwenye daftari halipewi daraja wala alama ya hali, na hakuna ofisi inayolikagua. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, anayetaka kujenga bwawa huomba kibali kwa Mamlaka hiyo. Jukumu la kwanza la usalama hubaki kwa mwenye bwawa, awe mtu binafsi, kikundi, shirika au ofisi ya umma.

TUTA LA UDONGO HUVUNJIKA KWA NJIA GANI?

Kwanza, maji kupita juu ya tuta. Udongo haukujengwa kuhimili maji yanayotiririka juu yake. Yakianza kupita, huchimba mteremko wa chini, kisha kilele, na mfereji mdogo hugeuka pengo. Mfano unaofundishwa duniani kote ni bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani, lililovunjika tarehe 31 Mei 1889 na kuua watu 2,209 katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake. Kabla ya hapo kilele kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapite, njia ya maji ya ziada iliwekwa wavu wa kuzuia samaki wasitoroke, na mabomba ya chini yalikuwa yameondolewa bila kurudishwa. Kila badiliko peke yake lilionekana dogo. Kwetu, badala ya magari ya farasi kuna njia ya ngamia iliyochimbika juu ya tuta, na badala ya wavu wa samaki kuna boma la miiba lililojengwa katikati ya njia ya maji ya ziada.

Pili, maji kupenya ndani ya tuta. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na maji machache safi yanayotoka taratibu si ajabu. Hatari huja maji yanapoanza kubeba udongo kutoka ndani. Hapo tundu hukua kuelekea nyuma, kama shimo la panya, mpaka lifike kwenye maji ya bwawa. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilianguka hivyo tarehe 5 Juni 1976 lilipokuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi yalionekana maji ya matope yakitoka. Kabla ya adhuhuri bwawa lilikuwa limekwenda, na watu 11 walikufa. Kati ya dalili na maafa zilipita saa chache tu.

Tatu, mteremko kuporomoka. Udongo uliolowa hupoteza nguvu na kipande cha tuta huteleza. Dalili yake ni ufa ulionyooka sambamba na kilele, au uvimbe chini ya mteremko.

UKAME NAO HUDHOOFISHA BWAWA

Tunaogopa bwawa wakati wa mvua, lakini madhara mengi huanza wakati wa jua. Tuta lenye udongo wa mfinyanzi hukauka na kupasuka, na nyufa nyingine huingia ndani kuliko zinavyoonekana. Mchwa hujenga njia zao, na wanyama wachimbaji hufanya mashimo yao. Mathenge na miti mingine hutuma mizizi ndani ya tuta kufuata unyevu. Mti ukifa, mzizi ukioza, hubaki bomba tupu. Mifugo hushuka kunywa kupitia njia ileile kila siku na kuchimba mfereji juu ya kilele. Kisha mvua ya kwanza kubwa hujaza bwawa kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, mjazo wa kwanza baada ya ukame mrefu ni wa kuangaliwa kwa makini zaidi, karibu kama mjazo wa bwawa jipya.

Libya ilitoa onyo zito. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mabwawa mawili ya kuzuia mafuriko yaliyojengwa miaka ya 1970 kwenye bonde kavu juu ya mji wa Derna yalivunjika wakati wa dhoruba ya Daniel. Maelfu ya watu walikufa. Yalikuwa makubwa kuliko yoyote ya kwetu, lakini bonde lenyewe lilifanana na laga: kavu karibu mwaka mzima, na mji umejengwa hadi kingo zake. Mwaka mmoja kabla, mtafiti wa Libya alikuwa ameandika kwamba mabwawa hayo yalihitaji matengenezo.

MABWAWA YASIYOITWA MABWAWA

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko yaliua makumi ya watu Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Habari za kwanza zilisema bwawa limevunjika. Baadaye serikali ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia ya maji iliyopita chini ya reli ilikuwa imezibwa na takataka na udongo. Tuta hilo halikujengwa kuzuia maji, lakini lilipozibwa likawa bwawa.

Isiolo tuna barabara zilizoinuliwa zinazokata laga, zenye kalvati chini yake. Kalvati ikizibwa na matawi, chupa na tope, barabara hugeuka tuta. Kuzibua kalvati na kutotupa taka kwenye laga ni sehemu ya usalama wa mabwawa.

UKAGUZI WA NUSU SAA

Kamati ya maji au vijana wawili wanaweza kufanya ukaguzi huu kabla ya msimu, kila baada ya mvua kubwa, na mara moja kwa wiki bwawa likiwa limejaa. Beba daftari, kamba na simu ya kupigia picha.

1. Tembea juu ya kilele kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Je, kuna mahali palipobonyea au palipochimbwa na njia ya mifugo? Pima kina kwa kamba.

2. Tafuta nyufa. Andika urefu, upana na uelekeo wake. Chomeka vijiti viwili kando ya ufa ili wiki ijayo ujue kama umepanuka.

3. Shuka mteremko wa nje, ulio upande usio na maji. Angalia mashimo ya wanyama, vichuguu, miti na sehemu zilizoteleza.

4. Tembea kwenye kitako cha tuta. Je, kuna mahali pabichi, au majani mabichi wakati kwingine kumekauka? Kama maji yanatoka, yakinge kwenye chupa safi. Hesabu sekunde hadi ijae, kisha iache itulie. Tope likibaki chini, hiyo ni habari ya dharura.

5. Kagua njia ya maji ya ziada. Iwe wazi, bila boma, ua, magunia wala matawi. Usikubali iinuliwe kwa udongo ili bwawa lishike maji zaidi. Anayefanya hivyo anakula akiba ya usalama.

6. Tazama chini ya bwawa. Hesabu nyumba, manyatta, madarasa na sehemu za kulaza mifugo kando ya laga. Kama zimeongezeka tangu mwaka jana, iandike na kuiripoti pia.

Mapengo madogo ya kilele yanaweza kujazwa kwa udongo ulioshindiliwa vizuri wakati wa kiangazi, na vichaka vidogo vikakatwa. Miti mikubwa msiing'oe wenyewe, kwani shimo la mzizi linaweza kuwa baya kuliko mti. Ulizeni mhandisi.

UKIONA HATARI

Dalili zisizongoja kesho ni tatu: maji ya matope yanayotoka kwenye tuta au chini yake, maji yanayokaribia kilele, na sehemu ya tuta inayoteleza. Ukiona mojawapo, fanya hivi.

Waondoe watu kwanza. Wapande kwenye miinuko ya pembeni, wasikimbie kufuata laga kuelekea chini. Walioko mbali zaidi wapigiwe simu mapema, kwa sababu maji yatawafikia.

Mjulishe chifu au naibu wake na msimamizi wa wadi. Piga 999 au 112 kwa polisi, au 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kwa dalili zisizo za dharura, peleka taarifa kwa maandishi pamoja na picha kwa idara ya maji ya kaunti, na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, eneo la bonde la Ewaso Ng'iro Kaskazini.

Kama kuna bomba la chini na lafikika bila hatari, lifunguliwe kupunguza maji. Msichimbe mfereji kwenye tuta kwa nia ya kuliokoa. Mfereji huo hugeuka pengo mbele ya macho yenu. Msizibe kwa udongo tundu linalotoa maji upande wa nje, kwani maji yatatafuta njia nyingine. Wahandisi hufunika mahali hapo kwa tabaka za mchanga na kokoto, ili maji yapite lakini udongo ubaki.

JIPIME

Swali: Bwawa la kijiji chenu ni daraja A. Je, familia zinazoishi chini yake ziko salama?
Jibu: Haijulikani kwa daraja pekee. Daraja A linasema bwawa ni dogo. Lazima ujue pia hali ya tuta na umbali wa nyumba.

Swali: Maji machache safi yanatoka chini ya tuta, kiasi kilekile kila wiki. Je, ni dharura?
Jibu: Hapana, lakini endelea kupima na uripoti. Yakiongezeka au yakigeuka matope, waondoe watu mara moja.

Swali: Mhandisi amesema bwawa liliundwa kwa mafuriko yanayotarajiwa mara moja kwa miaka 50. Mafuriko hayo yalikuja mwaka jana. Je, tumemaliza?
Jibu: La. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 2 katika 100. Katika miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni karibu 45 katika 100, na mwaka jana haupunguzi chochote.

Swali: Nani anapaswa kutembelea tuta kabla ya mvua?
Jibu: Mwenye bwawa na wahandisi wana wajibu wao wa kisheria. Lakini hawalali karibu na tuta. Kamati ya maji ya kijiji ichague watu wawili, iwape daftari, na daftari hilo lisomwe katika kila baraza.